Msimwagie Maji

Ninayesema hapa ni mimi, anayeandika ni binti yangu Kemi. Nimemwonya asinipambe. Akiona nimekosea Kiswahili anyooshe, lakini akiona nimelia asifute. Nasema na wewe uliyekaa leo kwenye benchi la kliniki ya macho, uso umefungwa bandeji, hujui kama mwakani utauona mlango au utaupapasa. Benchi hilo nalijua. Nilipokuwa nimelikalia sikutaka kitu kingine duniani ila jicho moja libaki. Moja tu, hata likiwa bovu.

Kwetu ni Kishanda, wilayani Muleba. Mimi ni mtu wa kibanja, migomba na kahawa, na mpaka ajali ile nilikuwa fundi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Watu walikuwa wananiulizia kwanza mimi, ndipo wanakwenda kumuuliza padri kama tarehe ya ndoa ina nafasi. Mke wangu Asimwe alikuwa akisema kichwa changu kimevimba kuliko kibuyu. Labda ni kweli.

Mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, ni fundi wa kuchomelea vyuma Muleba mjini. Ufundi wake ulianzia kwa baba. Baba alifanya kazi kwenye machimbo ya bati kule Karagwe kabla sisi hatujapata akili, akarudi na taa yake ya kichwani, taa ya kabaidi. Ni kopo dogo la shaba. Juu unatia maji, chini unatia mawe ya kijivu, ndiyo kabaidi yenyewe. Tone la maji likidondokea mawe, yanachemka na kutoa gesi, gesi inatokea kwenye tundu la mbele, unaiwasha. Mwanga wake ni mweupe, tena una mlio, kama mtu anayekunyamazisha. Krismasi baba aliitundika mlangoni, na kila mara kabla ya kuiwasha alituambia: "Mawe haya yakae makavu. Yakikutana na maji ni moto." Tulikua na maneno hayo kama tulivyokua na katekisimu. Mdogo wangu yalimwingia zaidi. Alipoingia gereji kujifunza kazi akayakuta mawe yale yale kwenye mtungi wa gesi ya kuchomelea, na onyo lile lile.

Sasa sikiliza jinsi mambo mawili mazuri yanavyoweza kukutana yakazaa baya.

Ndizi za rubisi haziivi kwa kubembelezwa. Kwetu tunazivundika. Unachimba shimo, unatandika majani makavu ya migomba, unapanga ndizi, unafunika kwa majani na udongo, na pembeni unaacha tundu. Kila siku unazibua tundu hilo, unaweka makaa na majani mdomoni pake, unainama na kupuliza moshi uingie. Joto na moshi ndivyo vinavyoivisha. Mwaka ule mtoto wa mdogo wangu alikuwa anaposa Rubafu, na wakwe wakaisogeza siku mbele. Mdogo wangu akaanza kuwa na wasiwasi kwamba tutafika ukweni na vibuyu vitupu. Mimi nikamjibu kwa kiburi changu cha kawaida, "Ndizi hazisomi kalenda." Alicheka.

Asubuhi moja, mimi nikiwa kwenye kahawa, alipita nyumbani, akafukua shimo na kutia mawe ya kabaidi katikati ya ndizi, yamefungwa kwenye vitambaa, kama wanavyofanya baadhi ya wachuuzi wa matunda. Akafukia vizuri. Hakuniambia kwa sababu alijua nitamsimanga mbele ya watu. Alidhani pia kwamba nimeshamaliza kutia moshi. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, udongo ulikuwa umelowa, na kabaidi haihitaji kualikwa mara mbili.

Alasiri nikaja na makaa yangu. Nilipozibua tundu nilipata harufu kali, kama kitunguu saumu kilichooza, nikafikiri panya amefia humo. Nikainama nipulize.

Mlio siuelezi. Kilichonirukia usoni hakikuwa moto peke yake, kulikuwa na uji wa chokaa pia, maana kabaidi ikishakunywa maji inabaki chokaa. Uliingia macho yote mawili. Nyusi ziliungua na ndevu ziliungua, hizo zimeota tena. Hasara yangu iko machoni.

Asimwe alikuwa anafua uani. Alikuja mbio na ndoo nzima ya maji. Mdogo wangu naye ndiyo kwanza alikuwa anateremka kwenye pikipiki, amekuja kuangalia ndizi zake. Alielewa kabla yetu sote.

"Shemeji, msimwagie maji!" alipiga kelele. "Hiyo ni kabaidi! Maji yatamlipua!"

Mimi nilikuwa chini nagaagaa. "Maji, waitu, jamani, nipeni maji!"

"Vumilia, kaka! Maji ni moto!"

Asimwe akasimama na ndoo yake. Nani angebishana na fundi? Wakanifuta kwa kanga kavu, wakanipaka samli machoni, wakaniweka katikati yao kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya. Barabara yenyewe mnaijua ilivyo wakati wa mvua. Njia nzima chokaa ilikuwa kazini.

Kituoni muuguzi, mama mmoja mwenye sauti nzito, aliuliza jambo moja tu: "Mmemwosha kwa maji?"

"Hapana," mdogo wangu akajibu, kama mtu anayetegemea kusifiwa. "Tumezuia."

Nilimsikia yule mama akivuta pumzi. Alinifunua kope kwa vidole akaanza kunimiminia maji ya dripu machoni, chupa baada ya chupa, mpaka shuka na godoro vikalowa na mimi nikatetemeka kwa baridi. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyoyapenda maji yale.

Kutoka hapo nilipelekwa Bukoba, na Bukoba ndiyo ikawa makazi yangu kwa misimu. Tulifikia Nshambya kwa binamu yetu, ili kliniki isiwe mbali. Mwanzoni niliwekewa matone kila saa. Kisha ikaja kazi ya kijiti. Nakueleza, kama utakutana nacho usidhani unateswa. Jicho lililoungua na chokaa lina tabia mbaya, kope linataka kugandana nalo kama ugali kwenye sufuria. Basi kila siku mtu anapitisha kijiti laini cha kioo kati ya kope na jicho, kuvitenganisha. Ganzi wanaweka, lakini roho haina ganzi. Nilikuwa nashika ukingo wa kitanda na kutaja majina ya aina zote za migomba ninayoijua. Nikimaliza za kupika naanza za pombe.

Mwili nao una mambo yake. Nilisahau kukaa kwenye kiti, nikawa nakipapasa kwanza kwa mkono kama mzee wa zamani. Nilinenepa shingo na kukonda miguu. Ngozi ya uso iliponyooka ikawa inawasha, na nilipojigusa shavuni nilihisi namgusa mtu mwingine.

Aliyeniuguza ni mdogo wangu. Asimwe alirudi Kishanda kwa zamu kwa ajili ya mji na watoto, lakini yule hakutoka. Aliacha gereji. Alilala chini kando ya kitanda changu, akajifunza kuweka matone bila kunigusa kope, akawa ananifulia hadi nguo za ndani. Mikono yake ilikuwa bado inanuka chuma. Asubuhi aliniuliza jambo lile lile kila siku: "Kaka, leo vipi? Unaona chochote?" Nilikuwa nikisema hapana, anakwenda kunitafutia uji.

Kwenye benchi la kliniki nilipata rafiki, Bi Zuhura, mwanamke wa mjini anayenunua samaki visiwani na kuwauza Bukoba. Alichomwa mwiba wa sato kwenye jicho. Lililobaki alilitumia kunisimulia waliokaa mbele yetu. "Huyu amevaa koti la marehemu baba yake," ananinong'oneza, "na yule mwenye bandeji ya kijani anamtazama muuguzi kwa jicho moja lakini kwa nguvu za mawili." Nilicheka mpaka ngozi ya uso ikauma. Siku nyingine nilikuwa mzito, nikamwambia siku hizi natisha watoto. Akasema, "Mzee wangu, hapa sote tumeacha sura nyumbani. Kaa utulie." Ukimpata mtu wa namna hiyo kwenye benchi lako, usigombane naye kuhusu nafasi.

Senene walipokuja, jicho la kulia lilikuwa limeshakufa. Daktari aliniambia taratibu, kwa heshima, kwamba limeanza kunywea na halitarudi. Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru. Siku ile Asimwe alikuwa amefika na kikapu cha senene waliokaangwa, akanitia kiganjani mmoja mmoja, na mimi nikatafuna huku machozi yakitoka kwenye jicho lililokufa. Hilo nalo ni ajabu, jicho haliwezi kuona lakini linaweza kulia.

Ni siku hiyo hiyo Asimwe alipoujua ukweli. Alimfuata muuguzi wa kliniki koridoni akamuuliza, je, kama tungemwahi mapema? Yule dada alimjibu bila kujua anachokifungua. Akasema chokaa ikishaingia jichoni dawa yake ya kwanza ni maji, mengi, papo hapo, hata ya kisima, hata ya kwenye beseni la kufulia. Ukiona vipande vikavu unavipangusa haraka, halafu maji. Akasema wangeniosha pale pale uani, huenda ningekuwa naona.

Asimwe alikuja akakaa kitandani kwangu. Mdogo wangu alikuwa ametoka kwenda sokoni.

"Nilikuwa na ndoo mkononi, Baba Kemi," alisema. "Imejaa. Ningekunja tu mkono hivi."

Nikamshika mkono.

"Mdogo wako ndiye aliyekupofua. Si mawe yake. Ni mdomo wake."

"Hajui," nikasema.

"Basi atajua leo."

"Hatajua. Asimwe, nakuomba. Mtu huyu analala chini kwa ajili yangu. Mawe peke yake yameshamkondesha. Ukimwongezea na hili atajinyonga kwenye mti wa kahawa."

Alikubali, lakini kukubali kwake kulikuwa na miiba. Tangu siku hiyo hakumpakulia mdogo wangu chakula kwa mkono wake. Chungu kilikaa hapo, mwenye njaa ajipakulie. Mdogo wangu alidhani ni hasira ya yale mawe, akawa anainamisha kichwa na kuomba radhi upya kila siku, na kila radhi ilinichoma, kwa sababu alikuwa anaomba msamaha wa kosa dogo huku kubwa limelala katikati yetu. Nilimweleza Bi Zuhura bila kutaja kisa chenyewe. Akasema, "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime." Nikamjibu, "Bibi, wanagombana juu ya kitanda changu, jembe nitalipitishia wapi?"

Masika yalipoanza waliamua kujaribu jicho la kushoto. Nilipelekwa Mwanza kwa meli, nikawekewa kioo kipya cha jicho kilichotoka kwa mtu aliyefariki. Nilimwombea huyo mtu kila jioni, na bado namwombea, ingawa sijui jina lake wala dini yake. Bandeji ilipofunguliwa niliona weupe, kisha weupe ukagawanyika, dirisha huku na ukuta huku. Baada ya wiki niliona rangi. Baada ya wiki nyingine niliona watu.

Nilipewa kuona kuanzia mvua hizo mpaka kahawa inaiva. Sikuona vizuri, kama mtu anayetazama kupitia chupa, lakini niliona. Nilimwona Asimwe amejaa mvi, tena hakuwa ameniambia. Nilimwona Kemi amekuwa mwanamke. Na nilimwona mdogo wangu. Yule mwanaume aliyekuwa akibeba mtungi wa gesi begani peke yake alikuwa amebaki mashavu mawili na koti. Aliponiona namtazama alisimama akapunga mkono, kama mtu aliye ng'ambo ya mto, na mimi nilikuwa hatua chache tu mbele yake. "Kaka, unaniona?" Nikamwambia, "Naona mtu mbaya wa sura." Alipiga magoti akacheka na kulia kwa pamoja.

Kiangazi jicho likaanza kuuma. Likawa jekundu, likapata ukungu, na ukungu ukakaa. Madaktari walipambana, matone mengine, sindano nyingine, safari nyingine. Wakasema mwili umekikataa kioo cha mgeni, na pembeni ya jicho palipoungua hapana tena kitu cha kukilisha. Walisema wanaweza kujaribu siku za mbele, lakini hawakuahidi. Nilirudi Kishanda nikijua mchana na usiku, nikijua dirisha lilipo, nikijua mtu akipita mbele yangu kama kivuli cha jani. Hiyo ndiyo hali yangu mpaka leo ninapomtajia Kemi maneno haya. Jicho nililoliomba sikulipata. Nilililia sana, wala sitakudanganya kwamba nimezoea. Kuna asubuhi naamka nimesahau, nafungua macho kama zamani, na ndipo nakumbuka.

Lakini nimebaki hai, nala, natania, nawakosoa watu wanaokanyaga ndizi vibaya kukamua rubisi, kwa kuwasikiliza tu. Kwa hiyo nikasema nitoe maneno kwa wengine. Kemi akaleta karatasi. Tulikwenda vizuri, taa ya baba, shimo, harufu, mlipuko. Tulipofika kwa Asimwe na ndoo nikamwambia angoje.

"Baba, niandike nani alizuia?" Kemi aliuliza. Yeye alijua, mama yake alikuwa ameshindwa kumficha.

"Andika, mtu mmoja."

Aliandika. Halafu akasema, "Mafundi wa gereji wakisoma watasema mtu huyo alikuwa mjinga. Wataendelea kumwamini fundi wao. Na fundi wao anasema kama baba mdogo."

Nilikaa na maneno hayo kwa siku kadhaa, na hayakunipa usingizi. Jumapili moja mdogo wangu alipokuja kuniwekea matone nikamwambia aketi. Nilimweleza yote, nilivyokueleza wewe, ndoo, muuguzi, koridoni. Sikumwona uso, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kutokuona. Nilisikia tu akikifungua kichupa cha dawa. Alipomaliza kunitia matone, na aliyatia yote bila kukosea, akaondoka bila kuaga.

Hakuja wiki nzima. Asimwe ndiye aliyehangaika zaidi, akawa anakwenda barabarani kutazama. Jioni moja alifunga safari peke yake hadi kwake, akamkuta amekaa gizani, akampelekea ndizi na maharage, akampakulia kwa mkono wake.

Mdogo wangu alirudi kwetu siku ya pili. Akauliza, "Yale maandishi yamefika wapi?"

"Yamefika kwenye maji," nikasema. "Nimeandika mtu mmoja."

"Futa." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mtu mmoja hana gereji. Mtu mmoja hakufundisha vijana wa Muleba nzima kwamba maji ni moto. Mimi nimewafundisha, kaka. Nimepita kwao juzi na jana, nimewaambia, wengine wamenicheka. Andika jina langu, wanalijua."

"Watakusema."

"Watanisema huku wameshika ndoo."

Basi mdogo wangu anaitwa Kamugisha, fundi wa kuchomelea, Muleba mjini. Yeye ndiye aliyesema nisimwagiwe maji. Alisema hivyo kwa kunipenda, na alikosea, na mimi sioni. Chokaa au kabaidi ikikuingia jichoni, yeyote atakayekuambia usubiri, hata awe fundi, hata awe ndugu yako, msukume pembeni uingize uso kwenye maji, na usiache kuosha mpaka ufike hospitali.

Aliposimama kuondoka nikainuka nimsindikize, kama inavyotakiwa kwa mgeni, maana si heshima mtu kutoka nyumbani kwako peke yake. Tulipita kwenye migomba, bega kwa bega, mpaka barabarani. Hapo tukaagana. Nikasikia hatua zake zikienda, zikasimama, zikarudi. Akanishika mkono, akageuka nami, akanirudisha nyumbani.